Kitufe Ambacho Sikumwambia

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa sekretari wa wakili mmoja Kinondoni, katika ofisi ya vyumba vitatu juu ya duka la vipuri vya magari. Wakili ni Mhindi wa hapa hapa, Mshia, mzaliwa wa Temeke, na Kiswahili chake kina mizaha kunishinda mie niliyeshuka kutoka Njombe na cheti cha uhazili na sanduku moja la nguo. Aliniita dada. Mie nilimwita Wakili, na ndivyo nilivyomwita hata nyumbani nikisimulia mambo ya kazini, mpaka mume wangu akazoea kuniuliza jioni, "Wakili kasemaje leo?" kama anayeulizia habari za shemeji yake.

Nilianza kwa taipureta. Kompyuta ya kwanza ya ofisi ilipokuja ilikuwa ya Windows, nzito, na mgongo mkubwa nyuma ya kioo, na hakuna aliyejua kuitumia. Nilijifunza peke yangu saa za chakula cha mchana, kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kamusi mkono wa pili. Kompyuta zikabadilika mara tatu au nne, mie nikabaki na Word ile ile iliyokuwa ikikua mwaka hadi mwaka. Kidogo kidogo nikatengeneza violezo, yaani nyaraka tupu zilizokwisha kupangwa, kimoja kwa kila kazi ya ofisi: mkataba wa kuuza kiwanja, hati ya kiapo, wosia, maombi ya mirathi. Ukifungua kiolezo changu cha mirathi unajaza jina la marehemu mara moja tu, nalo linajiandika kila linapotakiwa. Aya zinajihesabu zenyewe. Na pale waraka unaposema "kama nilivyoeleza katika aya ya nne", ile nne haikuchapwa kwa mkono. Imefungwa kwenye aya yake, na aya ikisogea inaweza kuifuata. Mawakili wa jirani walikuwa wakituma makarani wao waje waone. Na Wakili akiulizwa lolote la nyaraka, jibu lake lilikuwa moja: muulizeni dada.

Sikujua maneno hayo mawili yalikuwa yananilisha kiasi gani mpaka yalipoanza kupungua.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuja baada ya mvua za vuli. Alikuwa amemaliza sheria na mafunzo ya vitendo, anasubiri kuapishwa kuwa wakili. Binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, hijabu yake ya kijivu imefungwa vizuri, na kwapani kabeba kompyuta ya Mac nyembamba kama daftari la shule. Alisimama mlangoni kwangu, akavua miwani ya jua, akasema, "Shikamoo anti." Nikaitikia marahaba. Alinisalimia hivyo kila asubuhi, hakukosa hata siku moja, na ningependa kusema kwamba heshima ile ilinilainisha. Haikunilainisha. Nilitamani angekuwa na jeuri ili niwe na sababu.

Wiki ya kwanza tu mambo yakabadilika. Zamani, mchana, Wakili alikuwa anakuja kula chumbani kwangu. Mama lishe alituletea wali na maharage au samaki, yeye anakaa kwenye kiti cha wateja, gazeti mapajani, ananisomea habari za mahakamani na kuzitia chumvi. Sasa mpwa alikuja na chakula cha nyumbani katika makopo ya chuma yaliyopandana, wakala ofisini kwake mlango wazi, wakiongea Kikachi, lugha ya nyumbani kwao. Na walikuwa wanacheka. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimemsikia Wakili akicheka kwa Kiswahili tu. Sikujua kwamba ana kicheko kingine. Binti aliniletea sahani yangu kila siku, imefunikwa vizuri, sambusa au kababu na chatini pembeni. Nilikuwa nashukuru, kisha nampelekea fundi cherehani wa chini.

Wakati huo kompyuta zetu zilikuwa zimechoka. Wateja walikuja na flashi zao zilizopita kila steshenari ya mji, na flashi hizo zilituletea virusi. Siku moja mashine ya Wakili ilizimika moja kwa moja ikiwa na mkataba wa kiwanja cha Goba ndani, mteja kashafika, muuzaji kashafika, na mie nikaanza kuuchapa upya mbele yao. Wakili akasema sasa basi, tunanunua mpya za ofisi nzima.

Mpwa akasema tununue Mac. Alisema kwa utaratibu, bila kujitapa. Zinadumu, betri inakaa umeme ukikatika, na virusi vya flashi za wateja vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Akaonyesha pia jinsi watu wawili wanavyoweza kuandika kwenye waraka mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na rangi yake. Akaongeza kwamba hata tukitaka kubaki na zile za zamani, zipo programu za ofisi za bure zinazotosha kwa mtu anayeandika barua tu. Wakili alikuwa anaangalia kioo cha yule binti kama mtoto aliyeonyeshwa samaki ndani ya chupa.

Nami nikatoa yangu. Nikasema mtaa mzima huu unatumia Windows na Word. Printa ikigoma, mteja anavuka barabara na kutoa nakala kwa yeyote. Fundi wa Windows yuko hatua ishirini kutoka hapa, wa Mac sijui nimtafute wapi. Na violezo vyote vimetengenezwa kwenye Word ya Windows. Yote niliyosema yalikuwa kweli, lakini sauti yangu ilikuwa inapanda, na nilimwona Wakili akiniangalia kwa jicho lile analomwangalia shahidi aliyeanza kujitetea kabla ya kuulizwa.

Akasema yeye hawezi kuamua kwa maneno. Kulikuwa na mteja mpya, mjane mmoja wa Madale, nesi mstaafu, aliyetaka kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Kila mmoja wetu amwandalie yule mama hati ya kiapo kwa mashine yake, na pamoja nayo aandike ukurasa mmoja tu wa kusema tununue nini na kwa nini. Ijumaa vyote viwe mezani kwake.

Siku ile ile mchana binti akaja chumbani kwangu na flashi. Akasema violezo vyake ni vya chuoni, havina maana, anaomba vyangu. Word anayo pia kwenye Mac, kwa hiyo vitafunguka. Nikamwekea. Alipokuwa anatoka akageuka.

"Anti, kuna kitu cha kuzingatia nikivitumia?"

"Hakuna," nikasema. "Jaza tu."

Kilikuwepo. Zile namba za marejeo nilizosema zimefungwa kwenye aya zake, hazijirekebishi zenyewe papo hapo. Ukiongeza aya katikati, aya zinajihesabu upya mara moja, lakini sentensi zinazozitaja zinabaki na namba ya zamani mpaka uchague waraka wote na ubonyeze kitufe cha F9. Iko hivyo kwenye mashine yoyote. Mie nilikuwa nabonyeza bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Sijui kama ningemwambia karani mgeni. Nadhani ningemwambia.

Jioni ile nyumbani Segerea nilimsimulia mume wangu habari za Mac na Windows. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa anasahihisha madaftari mezani, kalamu nyekundu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba ninamwonea wivu mtoto wa watu. Nikamjibu kwamba hapa tunaongelea kompyuta. Akasema kama ni kompyuta, mbona katika maneno yote hayo nimetaja makopo ya chakula mara tatu. Nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi yule mjane alinipigia simu. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu aliyezoea kuongea wodini wagonjwa wakiwa wamelala. Alisema kuna jambo hakulisema siku ya kwanza: marehemu alikuwa na mtoto mwingine, aliyezaliwa kabla ya ndoa yao, yuko Bukoba, ni mtu mzima sasa. Ndugu zake walimwambia asimtaje. Yeye ameona amtaje. Nilimpa habari binti, na sote wawili tukaongeza aya mpya, ya nne, ya kumweleza mtoto huyo. Kwenye mashine yangu nikabonyeza kitufe changu, namba zikakaa sawa.

Ijumaa asubuhi binti akatuma kazi yake kwenye printa, ambayo iko chumbani kwangu. Karatasi zikatoka, nikazichukua zikiwa na joto bado, nikazisoma. Ilikuwa kazi nzuri. Kiswahili chake kilikuwa safi, na maelezo ya yule mtoto wa Bukoba aliyaandika kwa adabu kuliko nilivyoyaandika mie. Nikafika mwisho. Sentensi kubwa kuliko zote, ya kusema kwamba warithi halali ni wale waliotajwa katika aya ya sita, ilikuwa imebaki na sita yake ya zamani. Warithi sasa walikuwa aya ya saba. Aya ya sita ilikuwa inaeleza nyumba ya Madale, vyumba vyake vinne na kisima.

Nilisimama pale na zile karatasi. Kurekebisha kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Badala yake nikazipanga kingo, nikazibana pini, nikaziweka kwenye bahasha yake. Nikajiambia kwamba haya ni mashindano, na Wakili atasoma zote mbili mwenyewe, atagundua. Kisha nikakaa kwenye kibodi yangu na kwenye ule ukurasa mmoja nikaandika, pamoja na mengine, kwamba Mac inavuruga namba za aya katika nyaraka za mahakama.

Wakili hakusoma hata moja. Aliitwa mahakamani kabla ya saa tatu, shauri lake limewahishwa. Akatupigia akiwa njiani, akasema mjane anakuja asubuhi ile na anatoka mbali na mguu wake mbovu, asirudishwe bure; binti amsainishe kwa nakala iliyo tayari, aende naye kwa wakili wa jirani akale kiapo, na hati itumwe mahakamani leo leo. Mjane akafika, mkongojo mkono wa kulia, akaketi. Binti akatoa bahasha yake. Yangu ilikuwa pale pale mezani. Akanitazama.

"Anti, nimpe huu asaini?"

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Alikuwa ananiuliza. Nilikuwa na nafasi kubwa kama mlango wa ghala.

"Ni wako," nikasema. "Wewe ndiye mwanasheria."

Mjane akasaini kila ukurasa kwa mwandiko wa kinesi, mdogo na ulionyooka. Wakaenda kwa jirani, wakarudi, hati ikatumwa.

Siku ya kumi na moja jibu likaja kwamba kiapo kina kasoro, kifanywe upya. Wakili alitoa nakala, akaisoma akiwa amesimama, akamwita binti chumbani kwangu, labda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa pale kwenye printa. Alimgombeza kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu maneno yale bila kupandisha sauti: kwamba mteja anakupa jina lake na sahihi yake, naye anaamini umesoma, kwamba mtu asiyesoma alichomsainisha mjane asifikirie kuapishwa kwanza. Binti alisimama mikono nyuma, uso umemwiva. Aliposema kitu, alisema sentensi moja tu, kwamba alitakiwa kuisoma tena.

Nilifurahi. Siwezi kuandika vingine, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeinamia kibodi, nachapa barua ambayo sikuwa naiona, na ndani yangu kulikuwa na utamu kama wa mtu aliyekunywa soda baridi baada ya kutembea juani. Siku ile ile kabla ya kufunga Wakili akatutangazia kwamba tutanunua Windows, ofisi nzima, na Word mpya. Nikapita buchani nikanunua nyama. Mume wangu akauliza kuna sherehe gani, nikamwambia Mac imeshindwa.

Siku tatu baadaye mjane alikuja bila kuitwa. Alipanda ngazi zile peke yake na mkongojo wake, nikamsikia kila kituo anachopumzika. Wakili na mpwa wake walikuwa hawajafika. Nikampa kiti changu chenye mto. Akasema shemeji yake ameleta lori la matofali kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba, anawaambia majirani kwamba mahakama imemkataa mjane. Kisha akaniuliza swali lililomtoa Madale asubuhi yote ile. Alitaka kujua kama kosa ni kule kumtaja yule mtoto wa Bukoba.

"Ndugu zangu walinionya," akasema. "Nikafikiri Mungu hawezi kuniadhibu kwa kusema kweli. Sasa sijui."

Nikamwambia hapana mama, si hilo, ni kosa la kuchapa tu, namba moja imekaa vibaya. Akauliza, kwa namba moja tu. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu, hakuonekana kuniamini, akaendelea kusugua goti lake. Nilitoka nikasema nafuata chai.

Sikufuata chai. Niliingia chumba cha mafaili, kwa sababu kina mlango unaofungika, na ili mikono yangu ifanye kitu nikachukua faili la ununuzi wa kompyuta niliweke mahali pake. Ndani yake zilikuwamo kurasa zetu mbili. Wangu nilikuwa naujua. Wa binti sikuwahi kuusoma.

Uliandikwa Alhamisi, kabla ya mashindano kuisha. Alisema yeye anaipenda Mac na ataendelea kuitumia, lakini kwa ofisi hii anashauri tubaki na Windows na Word. Sababu zake zilikuwa nne. Tatu nilizitaja hata mie: fundi, printa, mtaa. Ya nne ilisema kwamba mali kubwa ya ofisi hii haiko kwenye mashine yoyote, ni violezo vya anti. Kwamba kavitumia wiki nzima na hajaona vya namna hiyo hata katika ofisi kubwa za mjini alikofanyia mafunzo. Kwamba ofisi isinunue kitu kitakachomfanya anti aanze upya, ila imnunulie yeye mashine bora kuliko zote na imwombe awafundishe wengine, yeye mwandishi akiwa wa kwanza.

Niliusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa juu ya boksi. Ningependa kusema wivu uliniisha pale. Ukweli ni kwamba uliongezeka. Nilimwonea wivu hata kwa wema ule, kwamba alikuwa nao na mie sikuwa nao, na kwamba haukumgharimu kitu chochote. Kisha, nyuma ya ukuta, nikamsikia yule mama akikohoa kwenye kiti changu.

Walipofika, Wakili alisema hati ifanyike upya pale pale. Niliiandaa mie. Binti aliisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, mjane akiitikia, akasaini, akaapa tena. Wakili akamwambia mpwa wake ampeleke mama nyumbani kwa gari, nami nikasema nitakwenda nao. Wakili alishangaa kidogo, akaruhusu.

Njia nzima mjane alikaa mbele, mie nyuma. Gari la binti ni dogo, na ukishaiacha lami vilima vya Madale vinaliumiza. Kila mteremko nilishika kiti. Tulimfikisha mpaka mlangoni. Matofali yalikuwepo kweli, yamerundikwa vizuri hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, na shuka zake zilikuwa zinayagusa. Alitukaribisha maji, tukanywa, tukaaga.

Nilihamia kiti cha mbele. Tulipofika juu ya kilima kabla ya kuteremka Tegeta nikamwomba asimame. Akadhani naumwa. Nikamwambia habari ya kitufe. Nikamwambia pia kwamba niliuona waraka kwenye printa, kwamba niliusoma wote, na kwamba aliponiuliza kama ampe mama asaini nilijua jibu.

Alizima gari.

"Najua, anti," akasema.

Akanieleza kwamba hati iliporudishwa alikaa na faili lake akitafuta, mpaka akabonyeza kitufe kile na kuona namba zote zinaruka na kukaa mahali pake. Akajua hapo kwamba aliyetengeneza kiolezo asingeweza kukisahau. Nikamuuliza mbona hakumwambia mjomba wake.

"Ningemwambia nini? Kwamba sikusoma nilichomsainisha mtu?" Akanyoosha hijabu yake. "Lakini nilikasirika. Nilikaa siku mbili sitaki kukuamkia. Nikakuamkia tu kwa sababu mama yangu angejua."

Nikamwomba msamaha. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kamwambie mjomba wewe mwenyewe," akawasha gari. Tulirudi Kinondoni redio ikiwa chini, na kwenye foleni ya Mwenge alinunua karanga dirishani na kunipa pakiti moja.

Wakili nilimkuta anafungasha makabrasha. Nilimwambia yote nimesimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: kufukuzwa, au kusikia kwamba si kitu. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisema kwamba alimgombeza mtoto wa dada yake mbele yangu, na kwamba kesho nitasema hayo niliyoyasema, mbele ya ofisi nzima. Kisha akasema jambo la pili, ambalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

"Na uandike, dada. Kila kiolezo, kila kitufe. Yeyote akikaa hapo aweze."

Niliandika. Ilinichukua wiki tatu na daftari moja kubwa. Kila ukurasa nilihisi natoa kitu ndani ya nyumba na kukiweka barabarani. Kufikia mwisho, karani wetu, binti, hata Wakili mwenyewe, waliweza kutengeneza hati ya mirathi bila kuniita. Mashine mpya zikaja. Yangu ilikuwa nzuri kuliko zote, kama ule ukurasa ulivyoshauri, na kwa miezi kadhaa sikuweza kuiwasha bila kuona haya.

Mjane aliteuliwa kuwa msimamizi. Shemeji akaja na lori lile lile kuchukua matofali yake. Yule mtoto wa Bukoba alikuja Dar kusaini, mwanaume mrefu mwenye mvi kidogo, na alipokuwa ofisini kwetu alimshika yule mama mkono wakati wote wa kushuka ngazi.

Binti aliapishwa, akakaa nasi mwaka mmoja, kisha akafungua ofisi yake Goba, pale watu wanapojenga sana na viwanja vinauzwa kila siku. Alinunua Mac mbili. Akaniuliza kama ningependa kwenda kufanya naye kazi, nikasema siwezi kumwacha Wakili uzeeni, na yeye akasema alijua nitajibu hivyo lakini asingejisikia vizuri bila kuuliza. Akaniomba angalau Jumamosi moja.

Nilikwenda. Violezo vilifunguka kwenye Mac yake karibu vyote. Viwili vilisumbua, aina ya herufi niliyotumia haikuwemo, mistari ikasogea, tukakaa tukavipanga upya. Kibodi yake ni nyepesi, na vitufe nilivyozoea viko mahali pengine; vidole vyangu vilikuwa vinakosea kama vya mgeni jikoni kwa mtu. Lakini herufi kwenye kioo kile zinasomeka vizuri kweli, na nilimwambia hivyo.

Alikuwa ameshaajiri sekretari, msichana wa Kihehe, mwepesi sana, kashika kila nilichomwonyesha mara moja. Alimwita binti "dada". Wakati mie nimeinamia kiolezo cha wosia, wao walikuwa mlango wa pili wanapanga chakula na kutaniana, na nikahisi kile kitu kinaniingia tena, pale pale chini ya mbavu, kama hakijawahi kuondoka. Nilikiacha kikae. Kisha nikamwita yule msichana, nikavuta kiti cha pili karibu na changu, nikaanza kumwonyesha mambo ambayo sikuwa nimeyaandika hata kwenye daftari.

Nilifika Segerea jua linazama. Mume wangu aliuliza hiyo ofisi ya Goba ikoje. Nikamwambia ni ndogo lakini ina hewa, na kwamba binti amepata sekretari mzuri. Ilinichukua muda kulimalizia neno hilo la mwisho, naye alinisubiri mpaka nikalimaliza.